Misiba Kwenye Boksi la Matangazo

Priscila Nyandwi hajawahi kuwa mtu wa kusamehe. Akiwa shule ya msingi kule Mbuba, binti mmoja alimmwagia uji kwenye sketi makusudi, darasa zima likacheka. Priscila hakulia wala hakwenda kwa mwalimu. Alingoja. Uji ulimwagwa masika, na siku ya Kipaimara, kiangazi kimeshakausha kila kitu, yule binti kasimama nje ya kanisa na gauni jeupe mpaka linaumiza macho, Priscila akapita karibu naye na bakuli la mchuzi wa maharage, akajikwaa. Padri alisema bahati mbaya. Mama yake Priscila, Theodosia, alimtazama binti yake usoni mara moja tu akajua hakuna bahati mbaya pale.

Sasa huyo ndiye mtu ambaye Clever fundi simu aliamua kumchezea.

Tovuti ya Priscila inaitwa Meza ya Priscila, na ilianza kama meza kweli, pale Kasulo magari ya Biharamulo na Rusumo yanaposimama kupakia. Alikuwa anauza magazeti yanayofika yakiwa yameshachacha. Watu hawakununua. Walikuja kumuuliza yeye: Priscila, maharage yamefika bei gani Rulenge? Priscila, lile basi la Kahama limekwama wapi? Priscila, ni kweli yule mzee kafa? Akaona heri auze majibu. Akajifundisha mwenyewe kutengeneza ukurasa, kwanza kwa simu, baadaye kwa laptop ya mtumba iliyokosa herufi mbili. Akaweka bei za mazao za Ngara. Upande wa Biharamulo akampata binti anaitwa Anneth, anakaa Nyakahura, kila asubuhi anazunguka sokoni kuuliza bei ya mihogo na asali, anamtumia.

Ila kilichoifanya Meza ikawa Meza ni misiba.

Zamani mtu akifa, chama cha kufa na kuzikana kilikuwa kinatuma vijana kilima kwa kilima, au katibu anapiga simu mpaka vocha inakata. Katibu wao ni mzee Rogasian, mtu mkavu, hapendi kurudia neno. Alipoona Meza inasomwa na kila mtu, akatangaza mkutanoni: kuanzia leo taarifa ya msiba ikishawekwa pale, umeambiwa. Habari ya "sikusikia" hataki kuisikia. Na kule kukosa maziko siyo jambo la kuchekea. Unatozwa debe la maharage. Ukirudia, unatengwa, siku ukifiwa utachimba kaburi wewe na mkeo. Na hata kabla ya hiyo adhabu, watu wanaanza kukutazama vibaya, kwa sababu mtu anayekwepa jeneza lazima ana lake.

Kwa hiyo kila asubuhi wilaya mbili zinafungua Meza ya Priscila kuangalia nani kafa na maharage yamefika wapi. Na juu ya ukurasa kuna boksi la matangazo. Kampuni moja ya mbali huko ndiyo inalijaza. Wewe ukifungua, tangazo linatokea, kampuni inamrushia Priscila chenji. Chenji yako peke yako hainunui hata kiberiti. Za watu wote zikijumlishwa zinalipa intaneti, zinamlipa Anneth, na Priscila anakula.

Tatizo ni kwamba hachagui tangazo gani litokee. Familia inafungua msiba wa babu yao, babu kavaa suti, rozari shingoni, na juu ya kichwa chake msichana nusu uchi anazungusha gurudumu la kamari. Watu walilalamika. Priscila akawajibu ovyo: "Vumilieni, huyo msichana ndiye anayelipa."

Clever akaisikia hiyo kauli, akaona biashara.

Clever ni kijana wa Nyakisasa, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Alikuwa na fremu, chumba kimoja cha duka, pale Kasulo, kwenye safu ya maduka ya mzee mmoja, Jean Paul, na nje ya fremu kuna spika kubwa kuliko mlango. Asubuhi mpaka jioni: "Bando linakata hujaona kitu? Simu inakurushia wanawake uchi mbele ya mkweo? Leta hapa! Naweka dawa, nafagia matangazo yote, unabaki na habari kavu!"

Na ili watu waamini, alikuwa anashika simu mbili. Hii bila dawa, ya kuonyeshea wateja tu, hii yenye dawa, yake ya kila siku. Na ukurasa aliokuwa anaufungua kuonyesha, kila siku, ni wa Priscila.

Watu walipanga foleni. Ukweli lazima usemwe: dawa ilifanya kazi. Bando lilidumu, ukurasa ulifunguka haraka, yule msichana wa kamari akapotea. Nani angekataa? Ila kampuni ya mbali hailipi tangazo ambalo halijaonekana. Msomaji yuleyule, habari ileile, na Priscila hapati kitu. Akavumilia kwanza. Halafu siku moja akavuka barabara.

"Clever, mdogo wangu, unajua unachofanya?"

"Natibu simu, dada Prisi. Karibu. Na yako imevimba?"

Watu kwenye foleni wakacheka.

"Lile boksi ndilo linanilisha. Ukilifagia, watu wanasoma kazi yangu bure."

"Kwani mwanzo walikuwa wanakulipa? Mama huyu hapa amewahi kukulipa?"

"Anayenilipa ni mwenye tangazo."

"Sasa si umdai mwenye tangazo! Mimi unanidai nini?"

"Hanilipi kama halijaonekana, we mtoto! Ni sawa na mimi nimeandaa harusi, watu wanakula, wanakunywa, wewe umesimama nyuma unawaonyesha uchochoro wasipite kwenye kapu la mchango."

"Harusi gani hiyo, dada, mtu anakuja kumlilia babu yake anakuta chupi?"

Hapo hata Priscila alijua amepigwa. Akashusha sauti. "Sikia. Ziba kwingine kote. Ukurasa wangu uruhusu upite. Najua ni kubonyeza mara moja tu."

"Naweza," Clever akasema. "Sitaki." Akachukua kipaza sauti, akageukia barabara. "Jamani! Mwandishi wetu anaomba tumrudishie wanawake wake wa uchi! Nani anataka kurudishiwa?"

Kijiwe chote cha bodaboda kilivunjika mbavu. Mama muuza ndizi alicheka mpaka akaushikilia mkungu asianguke. Priscila akavuka barabara kurudi kwenye meza yake, taratibu, anageuza shingo huku na huku, anatazama sura moja moja. Alikuwa anaweka kumbukumbu ya nani kacheka.

Pesa ziliendelea kushuka mpaka akalazimika kumpigia Anneth.

"Kwa hiyo bei za Nyakahura nisilete tena, dada?"

"Usilete mpaka nikwambie."

"Na watu wakiniuliza bei?"

"Waambie wamuulize Clever."

Bei za Biharamulo zikatoweka kwenye Meza. Walanguzi wakafurahi kweli. Waliingia vijijini wakanunua mihogo kwa bei waliyojisikia, na wakulima waliokuwa wanasoma bure kwa simu safi hawakuwa na kitu cha kusoma. Hakuna aliyeunganisha hayo mambo mawili. Walisema tu, Meza siku hizi imedorora.

Njia ya kulipiza aliipata Rulenge, na hakuitafuta. Kule kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyeamua kumlipa Priscila moja kwa moja aweke picha ya mabati yake. Priscila akaiweka kwenye boksi lilelile la matangazo, kwani angeweka wapi? Baada ya siku chache jamaa akampigia anafoka: tangazo langu liko wapi, mwizi mkubwa wewe! Priscila akaangalia simu yake, mabati yapo. Akapanda bodaboda mpaka Rulenge, akaangalia simu ya jamaa, hakuna hata bati moja.

"Simu yako nani ameishika?"

"Clever wa Kasulo. Kwani?"

Priscila akaitazama ile simu kwa muda mrefu. Akaelewa. Dawa ya Clever haisomi. Haijui bati wala chupi. Inaangalia boksi tu: hili linaitwa boksi la matangazo, fagia kila kilichomo. Ukiweka Injili humo, inafagiwa.

Njia nzima ya kurudi alikuwa anacheka mwenyewe mgongoni mwa dereva, mpaka dereva akamuuliza kama yuko sawa.

"Niko sawa sana, kaka. Endesha."

Alipofika Kasulo hata kofia ya bodaboda hakuvua. Akafungua laptop, akatengeneza boksi la pili, pacha wa lile la kwanza, jina lilelile. Taarifa zote za misiba akazitoa mahali pake pa siku zote akazihamishia humo. Mtu asiye na dawa hataona tofauti yoyote. Mwenye dawa ya Clever ataona bei za maharage, ataona habari za barabara, na kwa macho yake hakuna mtu anayekufa tena Ngara.

Alichokitaka ni kimoja: Clever mwenyewe akose msiba, na uwe msiba mkubwa. Na wengine watakaokosa njiani? Priscila aliwakumbuka sura zao. Walikuwa wamecheka.

Haikuchukua muda. Mama muuza ndizi akakosa maziko ya jirani yake anayepakana naye shamba. Wa bodaboda wawili wakakosa maziko ya baba wa mwenzao. Wakaitwa kwenye chama.

"Mzee, naapa sikuona," mmoja akasema.

Rogasian akatoa simu yake, skrini imepasuka kama kioo kilichopigwa jiwe. Hakuwahi kumpa Clever aiguse, alikuwa na uhakika atambadilishia betri. "Hii hapa. Jina, siku, saa ya kuzika. Hukuiona?"

"Haikuwepo kwangu."

"Siku hiyo bei ya maharage uliiona?"

"Niliiona."

"Ukurasa ni mmoja! Macho yako yanaona maharage, maiti hayaoni?" Watu wakaguna. "Debe moja. Aliye na swali alete madebe mawili."

Priscila alikuwepo. Alikaa nyuma, kimya, kanga imefungwa vizuri, uso wa mtu anayesali. Alitazama madebe yakiletwa na alisikia raha mpaka kwenye magoti. Tena ile raha ilizidi pale watu walipoanza kunong'ona kwamba wale wa bodaboda wana mambo ya usiku, ya kichawi.

Halafu akafa Secilia.

Huyu Secilia alikuwa rafiki wa mama yake tangu wakiwa wasichana. Walipata komunyo ya kwanza pamoja. Waliolewa, mmoja akabaki Mbuba, mmoja akaenda Nyakisasa, na waliahidiana kwamba atakayebaki atamfunga mwenzake rozari mkononi kabla sanduku halijafungwa. Siku taarifa inafika, Priscila alikuwa njiani Biharamulo anahangaikia mtu wa kutangaza kwenye Meza. Akaiweka akiwa ndani ya gari. Kuweka ilikuwa mazoea tu: picha, jina, siku, ndani ya boksi. Akawaza, mama atakuwa ameshafika huko, huyo hata kuambiwa hahitaji. Na watoto wa Secilia nao wakawaza, nani ampigie mama wa mwenye Meza? Huyo si ndiye wa kwanza kujua?

Simu ya mama ikaingia siku moja baada ya maziko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Priscila, Secilia amezikwa?"

"Mama, si ulikuwepo?"

"Nimekwenda kumpelekea ndizi zake. Nimekuta udongo." Sauti ilikuwa kavu, haina kilio. "Wameniuliza nilikuwa wapi. Sikupewa hata kigoda."

"Niliweka taarifa, mama."

"Najua. Wanawe wamenionyesha kwenye simu yao. Kwenye yangu haipo."

"Simu yako nani aliishika?"

"Kreva, yule wa spika huko Kasulo. Nilimpelekea mwenyewe. Nilikuwa nasoma Injili kwenye jumuiya, katikati likatokea tangazo la dawa za nguvu za kiume, na katekista kakaa pembeni yangu. Ningefanyaje?"

"Ni hiyo dawa yake, mama," Priscila akasema. "Ndiyo imeficha."

"Basi huyo mtoto amenichukulia Secilia."

"Ndiye huyo huyo."

Alikwenda Mbuba, akaiondoa ile dawa kwenye simu ya mama yake kwa mikono yake, akampikia, akalala naye siku moja akarudi. Alikuwa na uwezo wa kuirudisha misiba mahali pake, ni kazi ya muda wa kunywa chai. Alifungua laptop kabisa. Akaangalia lile boksi. Akamkumbuka Clever na kipaza sauti chake, akaifunga. Na hili nalo atalilipa, akasema. Yaani kosa alilolifanya yeye kwa nusu, akaliandika lote kwa jina la mtu mwingine, na akaamini.

Msiba mkubwa aliokuwa anaungoja ukaja. Alifariki Esperansia, mama yake Jean Paul. Jean Paul, yule mwenye ile safu ya maduka. Bibi alikufa hospitali upande wa Biharamulo na anazikwa Nyakisasa, kwa hiyo jeneza lazima lipite Kasulo. Desturi ya pale inajulikana: mfiwa akiwa mwenye maduka, wapangaji wote wanafunga mpaka udongo urudi kaburini, na wanasimama barabarani kupokea.

Asubuhi hiyo safu nzima ilifungwa. Clever akafika, akakuta milango imebanwa, hakuna mtu. Sasa tuseme ukweli, maduka ya kwetu yakifungwa ghafla saa za kazi, mtu wa kwanza kumfikiria siyo marehemu. Unafikiria watu wa kodi wanazunguka. Clever alikuwa na leseni yake mpya, ameitundika ukutani ndani ya kioo. Akacheka peke yake. Akafungua mlango, akatoa spika, akaipandisha sauti mpaka mwisho.

"Wenzangu wamejificha! Mimi sina deni na mtu! Leta simu iliyojaa uchafu, tunafagia!" Akaweka na muziki juu yake.

Priscila alikuwa mezani kwake, ng'ambo, na chai mkononi. Aliona watu wanaojipanga barabarani wakigeuza vichwa. Aliona mtu mmoja akitaka kukimbia kumwambia Clever, na akaona mwenzake akimvuta shati: mwache, si hataki kuzika watu. Halafu pikapu ikatokea. Inakuja polepole, taa zinawaka mchana. Jean Paul kakaa nyuma, mkono juu ya sanduku la mama yake. Muziki unadunda. Clever akaiona gari imejaa watu, akafikiri ni wateja wa gulio. Akawapungia mkono, akawaita kwa spika kabisa.

"Karibuni! Mpaka na wewe mzee uliyebeba kabati!"

Jean Paul alimtazama tu mpaka gari ikapita. Ndipo Clever akaona msalaba.

Chai ya Priscila haikuwahi kuwa tamu namna ile.

Kwenye kikao cha chama Jean Paul alisema maneno machache: fremu yake anaitaka. Wengine walitaka Clever atengwe, yeye na uzao wake. Wote waliowahi kutozwa madebe wakasimama: na sisi simu zetu alishika yeye! Mama muuza ndizi alikuwa analia: "Amenifanya niitwe mchawi!" Clever alisimama katikati, ule mdomo umekauka.

"Dawa inaficha matangazo ya biashara," alisema. "Misiba haifichi."

"Uongo!" wakamzomea.

Rogasian akamgeukia Priscila. "Wewe ndiye mwenye ukurasa, mwanangu. Adhabu gani itatosha?"

Hapa angenyamaza angekuwa ameshinda. Fremu imekwenda, jina limekwenda, wateja wamekwenda. Lakini Priscila alikuwa bado anakisikia kile kicheko cha kijiweni.

"Mzee, alitangaza kwa spika," akasema. "Aombe radhi kwa spika hiyohiyo. Siku ya gulio, watu wote wapo."

Kikao kikapiga makofi, kikamkataza Clever kuweka dawa tena, na kila mtu akaambiwa aitoe kwenye simu yake. Clever akamtazama Priscila, na macho yake yakatulia kama ya fundi aliyeona waya ulipokatikia.

Priscila akampigia mama yake mwenyewe. "Njoo gulioni, mama. Njoo usikie anavyokuomba msamaha."

Mama Theodosia alikuja na kitenge cha kanisani. Alisimama mbele. Gulio lilikuwa limefurika, watu wa Nyakahura na wa Lusahunga wamekuja na magari, mbuzi, maharage, kila kitu. Clever akapanda juu ya kreti la soda, kipaza sauti mkononi, sauti ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Mzee Jean Paul. Mama yako alipita mbele yangu nikiwa nacheza muziki. Nilimwita kabati. Hilo nitalibeba mpaka nife, nakuomba radhi. Mama Theodosia, hukumwona Secilia. Wengine wote mliokosa maziko, dawa ni yangu, mikono ni yangu. Nisameheni." Akamgeukia Rogasian. "Nimeomba radhi mzee katibu, au bado?"

"Umeomba," Rogasian akasema.

"Sasa nina swali. Dawa hii nilianza kuwawekea tangu msimu uliopita wa kupanda. Miezi yote ile mlikuwa hamwoni misiba?"

Watu wakatazamana. "Tulikuwa tunaiona," dereva mmoja wa bodaboda akasema.

"Mama ndizi, uliiona?"

"Niliiona. Nilizika mpaka nikachoka."

"Halafu ikaanza kupotea. Mimi dawa sijaigusa. Kwa hiyo aliyegusa kitu ni nani?" Akainua simu zake mbili, zilezile. "Dawa yangu inafagia boksi la matangazo. Basi. Haifagii kitu kingine. Mtu alizitoa maiti zetu mahali pake akazitia kwenye boksi la matangazo, na boksi hilo ni pacha wa lile la kamari. Njooni muone! Bibi Esperansia yumo. Secilia yumo. Na mwenye ufunguo wa ukurasa huo ni mtu mmoja tu, na yuko hapa, amekuja kunicheka."

Gulio zima likageuka. Mama Theodosia ndiye wa mwisho kugeuka.

"Ni kweli?"

Priscila angeweza kukana. Nani angejua, pale sokoni, mambo ya maboksi? Lakini alikuwa amechoka kulipiza bila watu kujua ni yeye.

"Ni kweli, mama. Waliniziba, na mimi nikawaziba. Walicheka hapa hapa, wote hawa!"

"Na Secilia?"

"Sikujua kama simu yako alishaishika."

"Sawa. Hukujua," mama akasema. "Ulipojua, uliwatoa watu humo?"

Bibi Esperansia alikufa baada ya Secilia, na kila mtu pale alijua kuhesabu mpaka hapo.

Mama akampita kama mtu anavyoupita mti. Akaenda mpaka kwenye kreti la soda.

"Kreva."

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Rudisha ile dawa yako." Akampa simu.

"Mama, chama kimenikataza..."

"Nimesema rudisha. Misiba nitaambiwa kwa mdomo. Na ukurasa wa huyu, kama unaweza kuuziba wote, uzibe wote."

Nyuma yake mama muuza ndizi akajipanga. Nyuma ya mama muuza ndizi, wa bodaboda. Foleni ikaota palepale, katikati ya mbuzi na magunia. Mpaka mzee Rogasian akatoa ile simu yake iliyopasuka.

"Betri yangu usiiguse," akasema.

"Shikamoo, mama," Priscila akasema, mama alipopita tena mbele yake akienda kwenye gari za Mbuba. Hakujibiwa. Kwetu salamu hiyo hata adui anajibiwa.

Alirudi kwenye laptop yake. Misiba akaitoa kwenye boksi, akairudisha ilipokuwa. Hakufanya hivyo kwa toba. Hakuwa tena na mtu wa kumlipiza. Kisha akaandika kila kitu, hakumwacha mtu: nani alicheka siku ile na alichekaje, nani alimvuta mwenzake shati asimwonye Clever, na nani alinunua mihogo ya watu kwa bei ya kutupa wakati Anneth hayupo sokoni. Akaandika alichofanya yeye, boksi kwa boksi. Akaandika na swali la mama yake, na kwamba hakulijibu. Kama ni kuvuliwa nguo, basi tuvuliwe wote.

Ilisomwa kuliko kitu chochote alichowahi kuandika. Ilivuka Biharamulo, ikaenda mpaka kwa watoto wa Ngara wanaokaa Mwanza. Watu waliigombania kwenye magari. Jean Paul aliisoma. Clever aliisoma kwa sauti mbele ya fremu ambayo si yake tena.

Anneth akapiga simu kutoka Nyakahura, anahema.

"Dada, huku kila mtu anaisoma! Mpaka wazee wanaotoka msikitini wamesimama njiani wanasomeana! Sasa si utanirudisha kazini? Si pesa itaingia?"

"Hao walio karibu yako," Priscila akasema, "waulize kama kuna tangazo lolote wanaloona pale juu."

Akasikia Anneth akiuliza, akasikia na watu wakijibu kwa pamoja, wanacheka.

"Wanasema hakuna, dada. Wanasema kwao ni safi kabisa."